Kadi ya picha ipimwe ikiwa imepumzika

Ukienda kununua kadi ya picha ya kompyuta, iwe Goma, Bukavu au Kampala, muuzaji atakutajia kasi yake ya juu kabla hamjamaliza kusalimiana. Megahezi elfu moja mia tatu na ushei, kumbukumbu gigabaiti nne, mchezo fulani unachezeka bila kukwama. Hatakuambia kadi hiyo inakula nini wakati unaandika barua ya kuomba kazi. Msimamo wangu ni huu: kwa sisi tunaojitafutia umeme wenyewe, namba asiyoitaja ndiyo ya kwanza kuulizwa. Ile anayoipigia kelele ije baadaye.

Nina sekretaria hapa Kampene, eneo la Pangi, jimbo la Maniema. Ni mji wa machimbo, watu wanaishi kwa dhahabu na kasiterite. Asubuhi wateja wangu ni walimu, wakuu wa vyama vya ushirika na watu wenye kesi: wanataka barua ipigwe, nakala itolewe, picha ndogo ya kitambulisho ichapishwe. Mchana wanakuja wa kuchaji simu na wa kujaziwa filamu na nyimbo. Jioni vijana wanalipa kucheza mpira kwenye kompyuta. Mashine ni ileile toka asubuhi mpaka usiku. Umeme wake unatoka kwenye paneli za sola, betri na inveta. Mvua ikishinda, ninawasha jenereta ndogo ya esansi. Esansi hiyo inafika huku kwa magari na pikipiki zinazopigana na matope, na kila tope lina bei yake.

Katika hali hiyo, mtu hawezi kuizungumzia kompyuta kama wanavyoizungumzia walio kwenye nyaya za serikali. Mimi nina ndoo ya umeme, na mashine inachota humo. Anayechota sana wakati hakuna kazi ananila faida.

Sasa jambo linalonifurahisha ni kwamba kadi ya picha yenyewe inajua kupungua. Zamani haikuwa hivyo sana. Mnamo 2003 kampuni ya Nvidia ilitoa kadi iitwayo GeForce FX 5800 Ultra, iliyokuwa na kasi mbili tu: megahezi 300 kwa kazi za kawaida za skrini na 500 kwa mchezo. Feni yake ilikuwa na kelele mpaka Nvidia wenyewe wakatengeneza video ya kujicheka. Lakini wazo lilikuwa sahihi: mtu anayesoma barua na mtu anayecheza vita hawahitaji mapigo sawa. Mwaka 2012 kampuni hiyohiyo ikaja na GTX 680, na kuanzia hapo kasi mbili zikawa ngazi nyingi. Kadi hiyo ilitangazwa kwa megahezi 1,006 za msingi na 1,058 za kupanda, na kati ya hapo na juu yake ikawa inajiamulia yenyewe, ikitazama joto lake, umeme inaovuta na kazi iliyopewa. Kampuni ya AMD nayo ina mfumo wake wa namna hiyo. Leo kadi isiyojua kupanda na kushuka huikuti dukani.

Mimi ninatumia GTX 1050 Ti, kadi iliyotoka Oktoba 2016. Wengi huku tunaipenda kwa sababu moja isiyo na mbwembwe: kompyuta tunazopata ni za ofisi, zimestaafu Ulaya, na ndani hazina waya wa kulisha kadi kubwa. Kadi hii inakula kupitia tundu inamochomekwa, na tundu hilo linatoa wati 75 tu. Kwenye boksi imeandikwa megahezi 1,290 za msingi na 1,392 za kupanda. Hizo ndizo anazokutajia muuzaji.

Boksi halisemi kinachotokea mezani. Ninafungua programu ndogo ya GPU-Z, ya bure, inayoonyesha mapigo ya kadi kila sekunde. Nikiwa kwenye barua, prosesa ya picha iko megahezi 139 na kumbukumbu yake nayo imeshuka. Imetulia hapo hata nikipiga herufi haraka namna gani, kwa sababu kuchora herufi kwenye karatasi nyeupe si kazi. Kijana akifungua mchezo wa mpira, kabla nembo haijaisha kuonekana, 139 imekuwa zaidi ya 1,700. Ndiyo, imepita hata ile 1,392 ya kwenye boksi, kwa sababu imejiona haijapata joto na umeme bado upo. Feni inaanza kuvuma. Muda si mrefu feni ya inveta nayo inaitikia, na kipimo cha betri kinateremka kutoka volti 12.6 kuelekea 12.2. Mechi ikikolea na mabati ya duka yakishika jua la saa tisa, kadi inaanza kurudi nyuma kidogo kidogo, ngazi za megahezi kama 13: 1,721, 1,708, 1,695. Hakuna aliyeigusa. Imepata joto, ikajipunguza. Mchezo ukifungwa, inabaki juu kidogo kama mtu anayesubiri kuitwa tena, halafu inateremka mpaka 139.

Ukiuliza kwa nini kushuka huko kunaokoa umeme mwingi hivyo, jibu liko kwenye volti. Umeme unaoliwa na kipande cha silikoni unafuata kasi ya mapigo, lakini unafuata volti mara mbili: volti ikipungua, akiba inazidishwa kwa yenyewe. Kasi ikishuka nusu na volti ikashuka kutoka 1 hadi 0.7, hubaki na nusu ya ulaji. Unabaki na kama robo. Kwa hiyo kadi inayopunguza mapigo na volti kwa pamoja inaokoa kuliko macho yanavyoamini. Na kinyume chake ni kweli: zile megahezi za mwisho kule juu, zile za kujisifia, ndizo ghali kuliko zote. Zinaongeza fremu chache, yaani picha zinazochorwa kwa sekunde, na zinadai volti nyingi.

Nimeweka kipimo cha wati kati ya inveta na mashine. Kwenye barua, kompyuta inavuta karibu wati 40, na skrini wati 20. Kwenye mpira ulioachiwa huru, kompyuta inafika karibu 140. Betri yangu ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa hesabu ya karatasi, lakini betri ya risasi ukiinywa zaidi ya nusu unaiua mapema, na inveta nayo inakata chake njiani. Tuseme ninabaki na 500 za kutumia. Kwa barua ninapata zaidi ya saa nane. Kwa mpira ninapata saa tatu na kidogo. Hapo ndipo ninapoona duka langu linasimama au linaanguka, na hakuna hata moja ya namba hizo iliyoandikwa kwenye boksi la kadi.

Nikipata kadi inayojipunguza vizuri hivyo, tatizo langu linakuwa na mafundi. Kuna mtindo umeingia huku. Kijana anakuja kuweka mashine sawa, anaingia kwenye mipangilio ya kadi, anaiamuru ichague nguvu ya juu wakati wote, halafu anakuambia amekuongezea nguvu. Hajaongeza kitu. Alichofanya ni kuikataza kadi kushuka. Unaandika barua na kadi iko kwenye mapigo ya mchezo, feni inavuma, betri inateremka, na barua haipigwi haraka hata kwa sekunde moja. Hakuna motari anayeegesha pikipiki yake sokoni huku ameikaza gesi mpaka mwisho akisubiri abiria. Lakini kwenye kompyuta tunalipia huduma hiyo na kusema asante.

Wana hoja moja ya haki, nisiwanyime. Kuna michezo myepesi, hasa ya zamani, inayoichanganya kadi: kazi ni ndogo, kadi inadhani inaweza kubaki chini, picha inakwama, inapanda, inashuka tena. Hapo kuishikilia juu kunasaidia. Basi ishikiliwe kwa mchezo huo peke yake! Mipangilio inaruhusu kuchagua programu moja na kuipa amri yake, na nyingine zote zikaachwa kadi iamue. Fundi asiyejua tofauti hiyo bado hajamaliza mafunzo.

Jambo la pili la mafundi ni skrini. Kumbukumbu ya kadi haiwezi kubadili mapigo ovyo wakati picha inachorwa, picha itapepesuka. Inasubiri nafasi ndogo iliyopo kati ya picha moja na inayofuata. Ukiweka skrini ya kasi sana, ya kuchora mara 144 kwa sekunde, au skrini mbili zisizoendana, nafasi hiyo inaweza isitoshe, na kumbukumbu inaamua kubaki juu muda wote hata kama hakuna unachofanya. Hili si la maskini peke yao: kadi za AMD za familia ya RX 7000, zilizotoka Desemba 2022 kwa bei ambayo huku mtu anajengea nyumba, zilivuta umeme mwingi mno zikiwa zimepumzika na skrini za aina hiyo, na AMD yenyewe ikaliorodhesha tatizo hilo na kulirekebisha hatua kwa hatua kwa programu mpya. Dukani kwangu dawa ni nyepesi: skrini moja, mara 60 kwa sekunde.

Halafu wapo watengenezaji wa michezo, na hawa ndio ninawadai zaidi. Kadi inapanda kwa sababu imeombwa. Mchezo ukiomba fremu bila kikomo, kadi itachora fremu 200 au 300 kwa sekunde hata kama skrini inaweza kuonyesha 60 tu. Zilizobaki zinachorwa na kutupwa. Ubaya wake unaonekana kwenye ukurasa wa kuchagua timu, ambako hakuna kinachotembea: kwa kuwa ni picha nyepesi, kadi inachora nyingi kuliko kwenye mechi yenyewe. StarCraft II ilipotoka Julai 2010, kompyuta za watu zilipata joto kupita kiasi zikiwa kwenye kurasa za namna hiyo, na kampuni ya Blizzard ikabidi iwape wachezaji mistari ya kuandika kwenye faili la mipangilio ili waweke kikomo cha fremu. Miaka 11 baadaye, Julai 2021, mchezo wa majaribio wa Amazon uitwao New World ukawa gumzo kwa sababu kadi kadhaa za GeForce RTX 3090 zilikufa zikiuendesha, na Amazon ikaongeza kikomo cha fremu kwenye kurasa zake. Kampuni ya EVGA, iliyotengeneza kadi nyingi kati ya hizo zilizokufa, ilizichunguza na kusema chanzo kilikuwa uchomeleaji mbaya kwenye sehemu ya kugawa umeme.

Habari ile ilinigusa kwa sababu ya huo uchomeleaji. Risasi ya kuchomelea vifaa vya elektroniki siku hizi si risasi tena. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulipoizuia risasi kwenye vifaa hivyo, mchanganyiko unaotumika sana ni bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba nusu asilimia. Bati linatoka kwenye kasiterite. Kasiterite wanaiosha vijana wa Pangi wakiwa wamezama maji mpaka magotini, kama wazee wao walivyoichimba wakati wa makampuni ya Wabelgiji na wakati wa kampuni ya madini ya SOMINKI iliyoundwa 1976. Sidai kwamba kadi yoyote ina bati la Kampene. Madini yakishafika kwenye tanuru yanachanganywa na ya nchi nyingine. Nadai kwamba tuna haki ya kusema. Anayetoa jiwe hawezi kuambiwa kifaa hiki si chake, kimeundwa kwa ajili ya nyumba yenye umeme usiokatika.

Najua kuna watakaosema mama huyu anawabania watoto mpira. Kijana mmoja aliwahi kuniambia mbele ya wenzake:

"Mama, ifungue yote. Mashine ni yako, mbona unaionea huruma?"

"Siionei huruma mashine, mwanangu," nilimjibu. "Betri ndiyo ninayoihurumia."

Nilimwekea kikomo cha fremu 60, nikamwachia acheze. Kompyuta ikashuka kutoka wati 140 hadi karibu 90. Kadi haikuwa na haja ya kupanda mpaka juu. Ilikaa katikati, na volti zake zikakaa katikati. Mpira ukawa uleule, kwa kuwa skrini ile haikuwahi kuonyesha zaidi ya 60. Kwa hesabu ya betri yangu, saa tatu zinakuwa nne na nusu hivi. Kijana anapata mechi nyingine, mimi ninapata malipo mengine, na jenereta inalala. Wachezaji wa mashindano wana sababu yao ya kutaka fremu nyingi, kwa kuwa mkono unajibiwa upesi zaidi. Haya, waende nazo kwenye mashindano. Kampene tunacheza kwa kulipia dakika.

Wengine watasema umeme wa kadi iliyopumzika ni mdogo, hauna haja ya makala gazetini. Sheria ya Ulaya haikubaliani nao. Kanuni namba 617 ya mwaka 2013, inayohusu ulaji wa umeme wa kompyuta, haipimi mashine ya mezani ikiwa inacheza. Inahesabu mwaka wake hivi: asilimia 55 ya muda imezimwa, asilimia 5 imelala, na asilimia 40 imewaka bila kazi. Kadi za picha zimepewa nyongeza yao kwenye hesabu hiyo, kwa makundi, kulingana na kasi ya kumbukumbu zake kupitisha data. Yaani wale wenye umeme wa kumwaga waliona kwamba kompyuta inakula zaidi kwa kukaa kuliko kwa kukimbia, wakaandika sheria. Mashine hizohizo zikizeeka zinapakiwa na kuletwa kwetu, na karatasi yenye namba ya mapumziko inabaki huko. Sisi tunaihitaji kuliko wao.

Kwa hiyo ninaomba mambo ambayo hayamfilisi mtu. Muuzaji aandike namba mbili kwenye kila mashine anayouza: wati inazovuta ikiwa imewaka bila kazi, na wati inazovuta kwenye mchezo. Kipimo cha wati ni kifaa kidogo cha kuchomeka ukutani, duka la simu haliwezi kushindwa kukinunua. Mtengenezaji wa mchezo aweke kikomo cha fremu kiwe kimewashwa tangu siku ya kwanza, na anayetaka kukitoa akitoe mwenyewe. Mashirika na wakuu wa shule wanaoleta kompyuta Maniema wadai namba ya mapumziko kwenye mkataba, kwa sababu darasa la kompyuta kumi zenye kadi zisizoshuka litazimika kabla somo halijafika katikati, na lawama ataipata mwalimu.

Na wewe mnunuzi, usilipe kabla mashine haijawashwa mbele yako. Fungua GPU-Z. Kwanza tazama jina, maana soko limejaa kadi za zamani zilizobandikwa jina la 1050 Ti, na programu hiyo inajua kuzitambua nyingi na kukuonya. Pili, usiguse kitu, ngoja dakika chache: mapigo yateremke mpaka mia moja na kitu na yabaki huko. Tatu, fungua mchezo, yapande. Ufunge, yashuke tena. Kadi inayopanda bila kushuka ni mgonjwa au ina mkono wa fundi ndani yake. Muuzaji akikuharakisha kabla hujaona namba ya kupumzika, kunja pesa zako. Kadi zimejua kushuka tangu 2003. Anayekuuzia amepata muda wa kutosha kujifunza.